Kitambaa Ulichonifumia na Seva Mbili

Nekesa wangu,

Siulizi kama u mzima, maana nakusikia kutoka hapa nilipo. Uko uani unasugua viatu na kuimba ule wimbo ambao hujui maneno yake kuanzia mstari wa pili. Ni Jumapili alasiri, studio imefungwa, mvua imenyesha ikaacha, na mimi nimekaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia letu lililochorwa ziwa na mawingu. Nimetulia kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Kesho asubuhi gari linakuja kukuchukua pamoja na vitu vyako, likupeleke Tororo ukafungue studio yako. Najua Tororo si mbali. Lakini kuanzia kesho nitakuwa napanga vikombe viwili badala ya vitatu, na leo sitaki kulifikiria hilo sana.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango wala kuchemsha maji ya kunywa. Hayo unayajua kuliko mimi.

Nina furaha, mwanangu, na furaha hiyo nimekuwa nikiificha mbele yako kama mtoto mwenye sukari mdomoni. Wiki tano sasa nimeolewa. Katika umri huu, na elimu yangu ya Senior Four, yaani kidato cha nne, naamka kabla ya jogoo ili tu nimsikie mtu akikohoa jikoni huku akinichemshia chai. Anaweka tangawizi nyingi mno. Nainywa yote. Nikipita mbele ya kioo cha studio najikuta nimeshatabasamu. Jana nilichana nywele mara tatu na sikuwa na safari yoyote. Cheka ukitaka, lakini endelea kusoma, kwa sababu chini ya furaha hii kuna uongo wangu, na walioubeba ni wewe na yeye.

Mezani mbele yangu kuna seva mbili. Moja ni ile ndogo uliyoileta Alhamisi kutoka Kampala. Bado imo ndani ya boksi lake, na haizidi mkate wa nusu kilo. Nyingine ni kasha jeusi, refu kama debe la mahindi, ambalo Owori, huyo mume wangu wa tangawizi, amekuundia kwa mikono yake, kipande hiki kutoka hapa na kile kutoka kule. Kazi yao ni moja: kutunza picha na video zote za studio mahali pamoja, ili kompyuta ya kupangia na ile ya kuchapishia zichote hapo. Duka limekupa siku saba za kuirudisha ile ndogo kama hutaitaka. Juzi nilikuuliza utaondoka na ipi, ukanijibu bila kuinua macho.

"Mama, mimi siweki picha za watu kwenye kitu alichokishika yule. Aliua sauti ya Baba."

Owori alikuwa mlangoni, Nekesa, ameshika waya. Alisikia. Akageuka polepole akaenda kuangalia kuku.

Basi kabla hujachagua, nikuambie nani aliiua sauti ya baba yako. Ni mimi.

Unakumbuka baba yako alivyokuwa. Miaka yote ile ya kupiga picha za harusi, Busia hii na ile ya ng'ambo, na yeye mwenyewe hayumo katika picha hata moja ya maana. Alikuwa nyuma ya kamera siku zote. Tulichokuwa nacho ni sauti yake ndani ya video, akiwachekesha maharusi: "Bibi harusi, cheka! Meno hayatozwi ushuru hapa mpakani!" Alipofariki, maboksi ya CD zake yalikuwa yamejaa chini ya kitanda. Kila mvua iliponyesha niliamka nikayapapasa kuona kama yamelowa.

Ndipo nikanunua ile mashine yetu ya kwanza, ndogo kama hii yako. Aliyeniuzia, mzee mmoja mpole wa upande wa Kenya, aliniambia maneno ambayo ningeweza kukuandikia hata nikiwa usingizini: "Mama, hii haina feni. Inapumua kwa mwili wake. Usiifunike na usiibane ukutani." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliye kanisani. Miezi miwili nilihamisha CD moja baada ya nyingine, nikiisikiliza kidogo kila moja, nikilia kidogo, nikiendelea. Nilipomaliza nilijiona mwanamke wa kisasa kabisa. CD zenyewe nikazitia kwenye gunia, nikampelekea mjomba wako kule Masaba, akazitundika kwenye mtama kufukuza ndege. Ulikuwepo. Ulisema shamba limevaa hereni. Na kweli lilipendeza, jua likizipiga, zikizunguka taratibu, na mimi nikasimama pale pembeni kama mtu anayeota, sikujua ninatazama nini.

Muhula uliofuata ulipoisha ukarudi kutoka shuleni na kitambaa ulichokifuma mwenyewe, cha rangi ya maziwa, na maua mekundu pembeni. Uliniambia, "Mama, ni cha meza ya chakula." Nilikiweka mezani siku mbili. Siku ya tatu nikaona kinafaa zaidi juu ya mashine. Unazijua nyumba zetu. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, makochi yana vitambaa mpaka kwenye mikono. Kitu cha thamani kikiachwa wazi wageni watasema hakina mwenyewe. Na ndani ya mashine ile alikuwamo baba yako. Ningemwachaje bila nguo?

Nikakikunja mara mbili ili maua yaonekane vizuri. Nikaisukuma mashine ukutani isije ikaanguka. Paka akaanza kulala juu yake kila siku. Nikajiambia, hata paka anajua aliyemo humu. Mwanangu, paka alikuwa anaota moto.

Mashine ikaanza kuwa nzito kufungua picha. Kisha siku moja haikufungua kitu. Jirani akanielekeza kwa fundi mmoja wa kabila la Japadhola kutoka Nabuyoga, ndiye huyu Owori, mpole, mwenye pikipiki iliyofungwa kamba. Aliingia, akasalimia, akavua kofia.

"Mgonjwa iko wapi, mama?"

Nikamwonyesha. Akaweka kiganja juu ya kitambaa, akakitoa haraka kama aliyegusa sufuria.

"Haa! Nani alivalisha hii mashine sweta?"

"Ni kitambaa alichonifumia binti yangu."

Akaacha kucheka papo hapo. Alikivua taratibu, akakikunja, akakiweka kwenye kiti. Akakaa na mashine siku nzima. Mwishoni akaniambia, "Mama, mi sikudanganyi. Imepikika. Diski iko moja tu, na ndiyo imekufa. Nampeleka Kampala kwa rafiki yangu, lakini usiweke roho huko." Na kweli, baadaye ilirudi kutoka Kampala tupu.

Wewe uliingia jioni hiyo, likizo imeanza, begi bado mgongoni, ukamkuta ameifungua vipande vipande.

"Umefanya nini? Ilikuwa inafanya kazi! Nani alikuambia uifungue?"

Nilifungua mdomo. Nikakiona kitambaa chako kwenye kiti, nikauona uso wako, nikaufunga mdomo. Owori alikitazama kitambaa, akanitazama mimi, akakutazama wewe.

"Pole, binti," akasema. "Ni mkono yangu. Ilikosea."

Nilimfuata mpaka getini. Nikamuuliza, "Kwa nini umesema hivyo?"

"Huyo mtoto amepoteza baba. Sasa nampa tena habari ya kitambaa yake? Hapana. Mi nina mgongo kubwa, mama. Wacha aweke hapa."

Matope yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Alisukuma pikipiki yake mpaka barabarani kwa sababu iligoma kuwaka, na hakugeuka nyuma hata mara moja. Nilibaki nimeshika geti. Kama utaniuliza nilianza kumpenda lini, ni hapo. Sijawahi kukuambia kwa sababu nisingeweza kukuambia hilo bila kukuambia lingine.

Nilijiahidi kukwambia mwisho wa likizo. Kisha likizo iliyofuata. Kisha ukamaliza shule, ukaenda kusomea picha, ukarudi mpiga picha kamili kama baba yako, na bado nilikuwa nimekaa juu ya neno hilo. Niliufunika ukweli kama nilivyoifunika mashine, kwa upendo kabisa, na ndani ukazidi kupata moto. Nilisema ninakulinda wewe. Kweli nilikuwa ninajilinda mimi, kwa sababu kumwona mtu mwingine akichukiwa kwa kosa langu kulikuwa rahisi kuliko kuchukiwa. Na nilimwacha mtu ninayempenda, tangu aliporudi kutuundia seva nyingine ya hapa, ale chakula kwenye meza moja na wewe miaka miwili na nusu, wewe ukimpitishia chumvi bila kumtazama.

Kitambaa hakina kosa, Nekesa. Ulisema ni cha meza. Yule mzee alisema usifunike. Nilisikia yote mawili.

Siku ya harusi yangu ulikubali kupiga picha, na nikashukuru. Lakini nimezitazama zote. Katika kila picha bwana harusi amekatwa bega. Katika moja ana sikio moja tu. Nilidhani ataumia. Alizishika kwenye mwanga, akacheka sana, akasema, "Amenipiga nusu. Nusu si mbaya. Pengine mwaka kesho napata bega."

Sasa zitazame seva hizi upya, bila hasira kwa yeyote isipokuwa mimi.

Ile ndogo si adui. Yetu haikufa kwa sababu ilikuwa ndogo, ilikufa kwa sababu ya sweta. Chumba chako cha Tororo nilikiona, kiko barabarani kabisa, malori yakipita vumbi linaingia mpaka kwenye chai, na hii haina feni ya kulivuta. Umeme ukikatika itaendelea na betri muda mrefu. Mteja anayekaa mbele ya kamera hatasikia chochote. Ila ndani yake kuna nafasi ya diski moja, na ikigoma hakuna wa kuifungua hapa. Utaipeleka Kampala na utasubiri.

Lile kasha lina diski mbili, na kila picha inaandikwa mara mbili. Moja ikifa, nyingine inaendelea kana kwamba hakuna msiba. Ubavu wake unafunguka kwa skrubu moja, amefanya hivyo makusudi ili ufungue mwenyewe, na vipande vyake unavipata kwa fundi yeyote wa mjini. Lakini linaguna, linakula umeme, na feni zake utazifuta vumbi kila wiki usizisahau. Na lina kasoro moja ambayo niliigundua kwa machozi. Mwaka jana lile alilotuundia hapa lilisimama yeye akiwa Nabuyoga kwenye mazishi ya baba yake mdogo, siku nne, simu haipatikani. Nililizunguka kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Bibi harusi wa Buteba alikuja kila siku kuulizia picha, siku ya mwisho alikuja na mama mkwe wake. Kitu kilichoundwa na mtu mmoja kinajulikana na mtu mmoja. Kwa hiyo safari hii nilimkalisha chini, nikampa daftari la shule, akaandika kila kipande na kazi yake, akachora na picha. Feni zake zinafanana na maua. Daftari liko juu ya kasha.

Asubuhi hii nilimuuliza, "Ungekuwa Nekesa ungechukua ipi?"

Alikuna ndevu. "Chumba yake ni ndogo. Mi ningechukua ile ndogo, alafu nanunua diski ingine ya kuweka kando."

"Na hili ulilolikeshea?"

"Hiyo mi nilitengeneza sababu nataka kumpa kitu. Lakini hiyo ni sababu yangu, si yake."

Unaona mtu ninayeishi naye? Niliacha kuosha vyombo nikamtazama tu, povu mikononi, mpaka akauliza kama ana kitu usoni.

Kuna jambo moja limebaki. Ameniomba nisiliseme, na nimemkatalia. Ya kunyamaza yametosha katika nyumba hii.

Kabla hatujaoana, kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anapotea na pikipiki yake mpaka jioni. Nilivumilia, kisha nikaanza kuhisi ana mwanamke. Nilimngoja siku moja nimevaa uso wa vita. "Huyo wa Jumapili ni nani?" Akashusha mkoba, akaufungua. Ulijaa CD. Alikuwa amenakili majina kutoka kwenye daftari la zamani la wateja wa baba yako, na alikuwa anawafuata mmoja mmoja, Buteba, Nabuyoga, hata ng'ambo, kila nyumba ambayo baba yako alipiga harusi. Alianzia Masaba, akaingia kwenye mtama wa mjomba wako kuzitungua zile hereni, lakini jua lilikuwa limezila zote. Ndipo akakumbuka kwamba kila harusi ilikuwa na nakala yake, kwa wenyewe.

Alikuwa anapiga hodi na kusema, "Mi naomba kuangalia harusi yenu." Wengine walikuwa wameshaachana, wakampa CD bila hata kuiangalia, wakamwambia abaki nayo. Wengine walimkalisha akatazama saa tatu nzima mpaka keki, na chai, na majina ya wajomba wote. Alinakili kila mahali baba yako aliposikika. Mume wangu amezunguka miaka miwili akikusanya sauti ya mume wangu. Sijui nimefanya nini kupewa wanaume wawili wa aina hii katika maisha mamoja.

Mimi nilikuwa nimekusanya kila kitu mahali pamoja ili kisipotee, nikakipoteza chote. Kilichobaki ni kile ambacho baba yako alikuwa amewagawia watu.

Kuna harusi moja ya Nabuyoga. Wewe una miaka kama sita, gauni la njano, soksi moja imeshuka. Baba yako alikuwa amekubeba kazini kwa sababu mimi nilikuwa naumwa. Maharusi wanakata keki, na wewe unaingia katikati ya picha, unasimama mbele ya bibi harusi, unaitazama kamera moja kwa moja. Sauti yake inasema: "Nekesa! Toka hapo, mama." Kisha: "Hapana, ngoja. Kaa hapo hapo. Umependeza. Endeleeni jamani, huyo ni mrembo wangu, endeleeni." Na kamera inakusogelea, keki inatoka kwenye picha, bibi harusi anatoka, unabaki wewe peke yako.

Nilipoiona mara ya kwanza nililia mpaka chai ikapoa. Owori alikaa kando, hakunigusa mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Huyu mtu alikuwa mzuri. Sauti yake inacheka hata akigomba."

Video hizo zote zimo ndani ya kasha jeusi. Lakini nimezinakili pia kwenye flashi, nimeifunga ndani ya kitambaa chako, iko pamoja na barua hii. Nimefanya hivyo ili usilazimike kubeba kasha kwa ajili ya sauti. Sauti ni yako hata ukiondoka mikono mitupu. Nakala nyingine iko Masaba kwa mjomba wako, na nimemwapisha asiitundike. Chagua seva kama mpiga picha mwenye kazi ya kufanya. Ukichukua ile ndogo sitaumia, wala yeye, na lile kasha tutalipatia kazi hapa. Kitambaa nimekifua. Kina alama ya kahawia katikati ambayo haikutoka. Kitandike kwenye meza ya chakula, kama ulivyosema.

Nikasirikie, mwanangu. Nikasirikie muda unaotaka. Nitakuja Tororo nikae kwenye kiti cha wateja wako mpaka unipige picha, hata ukinikata kichwa.

Kesho gari litakapofika, atakuwa kule nyuma na kuku wake, maana ndiko anakokimbilia unapokuwepo. Ukiamua kuchukua kasha, mwite aje alibebe, ni zito. Ukiamua kuliacha, mwite vilevile. Usimwite baba. Baba yako unaye, yumo kwenye kitambaa chako, anacheka. Mwite Fundi. Miaka miwili na nusu hujawahi kumwita jina lolote. Mwite mara moja tu kwa sauti ya kawaida, kisha utazame atakavyokuja mbio.

Mimi mama yako, bado nimekaa mbele ya ziwa la kuchorwa, na wewe huko uani umeacha kuimba. Nadhani viatu vimeng'aa.